Kliniki ya ufuatiliaji wa limfoma Lubumbashi: daktari mzuri, kifurushi kibovu

Mkazi wa Lubumbashi aliyemaliza matibabu ya limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, na kuambiwa kwamba ugonjwa hauonekani tena mwilini hana mahali pengi pa kuchagua pa kufuatiliwa. Wengi wetu tulitibiwa nje ya nchi. Baadhi walivuka mpaka wa Kasumbalesa na kufika Lusaka, ambako hospitali ya taifa ya Zambia ya magonjwa ya saratani ilifunguliwa mwaka 2007. Wengine walipelekwa India au Afrika Kusini kwa michango ya ukoo mzima, na wachache walilipiwa na kampuni za madini wanazozifanyia kazi. Matibabu yakiisha, mgonjwa hurudishwa nyumbani akiwa na barua, bahasha kubwa ya picha na agizo la kuonwa kila baada ya miezi mitatu, bila kuambiwa ataonwa na nani. Kliniki ninayoieleza hapa, ya binafsi, iliyoko katikati ya mji, imejitwika kazi hiyo na inaiuza kwa kifurushi cha mwaka mzima. Nimekuwa mteja wake tangu niliporudi nyumbani. Jina lake nimeliacha makusudi, kwa sababu kasoro nitakazozieleza haziko pale peke yake, na anayejiandaa kulipa mahali popote mjini humu anaweza kuyatumia haya maelezo.

Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya asiye na muda. Daktari wa pale ni wa kutafutwa hata na anayekaa mbali, Ruashi au Katuba. Kifurushi chenyewe kimepangwa vibaya, kwa maana kinamtoza mgonjwa fedha nyingi kwa kitu asichokihitaji na kuacha nje vipimo vya bei ndogo anavyovihitaji sana.

Ni haki msomaji ajue nilikuwa na ugonjwa gani, kwa kuwa limfoma si ugonjwa mmoja. Yangu ilikuwa ya seli B kubwa (seli B ni chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kinga), ile aina kali ambayo ndiyo ya kawaida zaidi miongoni mwa limfoma zisizo za Hodgkin, moja ya makundi mawili makubwa ya ugonjwa huu. Nilipewa mchanganyiko unaojulikana kwa herufi za R-CHOP, yaani rituksimabu, siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoni, kwa mizunguko sita ya siku 21. Aliyetibiwa limfoma ya Hodgkin huwa alipewa dawa nyingine, mojawapo ikiwa bleomisini ambayo inaweza kuacha kovu kwenye mapafu, na kwa hiyo mambo ya kumchunguza hayafanani yote na yangu. Kliniki inauza kifurushi kilekile kwa wote. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu aulize maswali kabla ya kutoa fedha.

Kilichomo ndani ni hiki: kuonana na daktari kila baada ya miezi mitatu, hemogramu (hesabu ya chembe za damu) pamoja na vipimo vya ini, figo na LDH, kimeng'enya kimoja cha damuni, katika kila ziara, skana (picha ya CT) ya kifua, tumbo na nyonga kila baada ya miezi sita, eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) mara moja kwa mwaka, na mazungumzo na muuguzi anayeitwa mshauri. Zaidi ya nusu ya bei yote ni skana.

Nianze na daktari, kwa sababu ndiye anayenirudisha pale. Ziara yake huanza kwenye mizani. Anasisitiza mgonjwa avue viatu, aweke pochi kando na apimwe kwenye mizani ileile iliyotumika mara iliyopita, ambayo ina alama ya rangi nyekundu ubavuni ili wauguzi wasiibadilishe na ile ya chumba cha watoto. Mara ya kwanza niliona kama ni ukaidi wa mtu mwenye muda mwingi, lakini alinieleza hesabu yake. Kupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito katika miezi sita bila sababu ni mojawapo ya dalili tatu ambazo madaktari wa limfoma wamezishika tangu mpango wa hatua za ugonjwa wa Ann Arbor wa mwaka 1971. Mbili nyingine ni homa inayozidi nyuzi 38 isiyo na maelezo na jasho la usiku linalolowesha. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo saba, na mizani mbili zisizokubaliana zinaweza kumpa au kumnyang'anya kilo mbili kwa urahisi.

Kisha huja mikono. Mgonjwa anakaa pembeni mwa kitanda, daktari anasimama nyuma yake na kuanza chini ya masikio, anashuka taratibu kwa ncha za vidole hadi mabegani, na anapofika juu ya mfupa wa mtulinga hukawia, akimwambia mgonjwa apandishe mabega kidogo na kuvuta pumzi. Kwenye makwapa anaubeba mkono wa mgonjwa kwenye mkono wake mwenyewe ili misuli ilegee. Kwenye nyonga anachunguza kwa heshima, muuguzi wa kike akiwa chumbani. Wengu anaitafuta akianzia chini tumboni upande wa kulia na kupanda kuelekea mbavu za kushoto, mgonjwa akivuta pumzi kwa kila hatua, maana wengu iliyokua sana humpita daktari anayeanzia karibu na mbavu. Ana utepe mdogo wa plastiki wa kupimia. Tezi yoyote anayoigusa anaiandika mahali ilipo, ukubwa wake kwa milimita, kama ni laini au ngumu, kama inasogea, kama inauma. Nilikuwa na tezi moja chini ya taya iliyonikosesha raha. Aliniambia, “Mama, hii ni ya jino lako, tutaiangalia tena baada ya wiki nne, na wewe usiiguseguse kila saa.” Jino liling'olewa na tezi ikapungua.

Katika mji huu uchunguzi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa tezi za shingo zina sababu nyingi. Kifua kikuu cha tezi ni jambo la kawaida kwetu, na tezi zake mara nyingi hugandana, huweza kulainika katikati na hata kutoboka ngozi, wakati zile za limfoma kwa kawaida haziumi na zina ugumu wa mpira. Vidole havimalizi kesi, na daktari mwenyewe hasemi hivyo. Tezi isiyoeleweka hukatwa kipande na kupelekwa kupimwa, wala haianziwi dawa kwa kubahatisha. Lakini vidole vinavyojua kutafuta ndivyo vinavyoamua ni nani apelekwe haraka na ni nani asubiri, na ugonjwa unaporudi, mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe au daktari anayemgusa ndiye anayeutambua kwanza.

Muuguzi mshauri naye namsifu, hasa kwa namna anavyouliza. Suala la jasho la usiku linaonyesha ustadi wake. Mwezi wa kumi hapa kwetu, kabla mvua hazijashika, kila mtu anatoka jasho. Mwanamke aliyepewa siklofosfamidi anaweza pia kuwa amesukumwa kwenye kukoma hedhi mapema, na joto linalopanda ghafla kifuani na usoni usiku huwa ni la hilo. Malaria nayo ina jasho lake. Kwa hiyo haulizi tu kama unatoka jasho. Anauliza kama ulilazimika kuamka kubadilisha nguo na shuka, kama wenzako wa chumba kimoja walikuwa nao wanatoka jasho, kama joto lilianza usoni na kupita baada ya dakika chache, kama ulipima homa na kipimajoto kilisema nini. Anaandika majibu, si alama za ndiyo na hapana. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja aliyekuwa akijibu kila kitu kwa “niko muzuri” kwamba, “Papa, hapa hatutoi zawadi kwa mwenye kuwa muzuri, sema vile ilikuwa.” Mzee akacheka, ndipo akasema juu ya vidole vya miguu.

Vidole vya miguu na vya mikono ni kazi ya vinkristini. Ganzi inaweza kukaa miezi mingi baada ya dawa kukoma na kwa wengine haiondoki kabisa. Mimi nina duka la vitabu vya shule, na kuhesabu bunda la noti za faranga kulikuwa kumenishinda kwa sababu sikujua kama nimeshika noti moja au mbili. Muuguzi alinielekeza mambo ya kufanyika: kukagua nyayo kila jioni kwa macho kwa kuwa haziwezi kujisemea, kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko, kuvaa viatu vilivyofunga hata ndani ya ua. Hakuniahidi dawa ya kuondoa ganzi, na hilo lilinifanya nimwamini katika mengine.

Sasa skana. Nilipolipa kifurushi cha kwanza sikuona tatizo, na naelewa kwa nini kinanunuliwa. Sehemu kubwa ya limfoma za aina yangu zinazorudi hurudi katika miaka miwili ya kwanza, na picha inayosema hakuna kitu humpa mtu usingizi kwa wiki kadhaa. Lakini mwaka 2013 Chama cha Marekani cha Elimu ya Damu kilishauri kwamba, kwa mtu aliyetibiwa limfoma kali kwa nia ya kuponywa na asiye na dalili yoyote, skana za ratiba zipunguzwe, na mapendekezo ya kimataifa yanayobeba jina la mji wa Lugano, yaliyochapishwa mwaka 2014, nayo hayazihimizi. Sababu si ubahili. Haijaonyeshwa kwamba kuugundua ugonjwa kwa skana ya ratiba kunarefusha maisha kuliko kuugundua kwa dalili na uchunguzi wa mikono; mionzi ya skana moja ya kifua hadi nyonga inalingana na ile ya miaka kadhaa ambayo kila binadamu huipata kutoka ardhini na angani; na picha huona vitu vingi ambavyo si limfoma.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi. Mapafu yetu yana makovu ya kifua kikuu cha zamani ambacho wengine hatukujua kama tulikuwa nacho, na mahali palipokuwa na uvimbe mkubwa huweza kubaki tishu iliyokufa ambayo skana ya kawaida haiwezi kuitofautisha na ugonjwa ulio hai. Mwenzangu mmoja tuliyezoeana kwenye benchi la kusubiri alionekana na kidonda cha duara pafuni kwenye skana ya ratiba, akiwa hana homa, anakula bukari yake vizuri na uzito umesimama palepale. Familia iliuza kiwanja ili asafiri. Alifunguliwa kifua, kipande kikapimwa, ikawa ni kovu la kale. Alirudi salama, na kiwanja hakikurudi.

Skana ina kazi yake: mwishoni mwa matibabu, ili kuthibitisha kwamba ugonjwa umeondoka, na baadaye pale dalili au mkono wa daktari unapotoa sababu. Ninachopinga ni skana iliyouzwa kabla sababu haijajulikana. Nilipomweleza daktari kwamba sitaki ya pili, hakubishana. Alisema angefurahi kuandika kwenye faili kwamba haina sababu, ila bei si yake. Mtu wa malipo alikuwa na msimamo mwingine. Alinieleza kwamba kifurushi hakigawanyiki, kwamba kompyuta haikubali, na mwishowe kwamba wagonjwa wengine wanafurahi sana kupata skana. Ilichukua barua ya daktari na uvumilivu wa dada yangu, ambaye ana kipaji cha kukaa ofisini mwa watu bila kuinua sauti wala kuondoka, hadi wakakubali kupunguza bei. Tangu mwaka huu kliniki ina kifurushi cha pili kisicho na skana. Hakijaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa mapokezi, kwa hiyo ni lazima ukiulizie.

Fedha zinazobaki zingeweza kulipia kile ambacho kifurushi kimekisahau, nacho ni homa ya ini ya aina ya B. Rituksimabu huzifuta seli B, na kwa mtu ambaye virusi hivyo vilikuwa vimelala mwilini mwake, hata kama aliugua utotoni na kusahau, vinaweza kuamka na kuliharibu ini kwa ukali mkubwa. Hatari hiyo haiishi siku ya chupa ya mwisho, bali huendelea kwa mwaka mmoja na zaidi. Ndiyo maana anayepaswa kupewa rituksimabu hupimwa kwanza antijeni ya uso wa kirusi (alama kwamba kirusi kipo) na kingamwili za kiini chake (alama kwamba mtu aliwahi kuambukizwa), na mwenye alama za maambukizi huwekwa kwenye dawa ya kuzuia ambayo haikatizwi mara tu matibabu ya limfoma yanapoisha. Katika nchi ambayo virusi hivyo ni vya kawaida kama yetu, kifurushi cha ufuatiliaji kinachomtoza mtu skana mbili bila kuuliza matokeo ya kipimo hicho yako wapi kimepangwa na mtu aliyekuwa akiitazama mashine. Nilitoa barua yangu ya kutoka hospitali, ambayo ilikuwa na majibu hayo, nikaomba yaandikwe upya kwenye faili la kliniki. Daktari aliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu na kuniuliza kwa nini hakuna mtu aliyeyaleta mapema. Swali zuri, lakini alipaswa kuwauliza wenzake wa mapokezi, ambao walikuwa nayo tangu siku ya kujiandikisha.

Maabara ina sura mbili. Mtaalamu anayechukua damu ni hodari, na kwa mtu ambaye mishipa yake imechoka kwa sindano za kemo hiyo si sifa ndogo. Hatafuti kwa kuchokoa, anapasha mkono joto kwa kitambaa na kusubiri. Tatizo ni safari ya chupa na namna ya kutoa majibu. Ijumaa moja alasiri nilikabidhiwa karatasi kupitia dirisha la mapokezi, LDH ikiwa karibu mara mbili ya kiwango cha juu na kupigiwa mstari, na aliyenikabidhi akaniambia daktari atarudi Jumatatu. Mwenye limfoma anajua LDH ni nini: ni kimeng'enya kinachopanda seli nyingi zinapovunjika, na mara nyingi kilikuwa juu siku alipogunduliwa kuwa mgonjwa. Siku hizo mbili nyumbani hatukuzungumza mengine.

Jumatatu daktari alitazama karatasi, akauliza chupa ilikaa wapi, akapiga simu maabara. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kuzungusha damu ilichelewa, na maji ya damu yanayobaki juu ya chupa yalikuwa ya waridi badala ya manjano hafifu. Chembe nyekundu zimejaa LDH, na zikipasuka ndani ya chupa humwaga kila kitu, kwa hiyo kipimo kilikuwa kinasoma chupa iliyoharibika. Alichukua damu nyingine mwenyewe, akaagiza na kipimo cha malaria, kwa kuwa malaria nayo huzipasua chembe nyekundu ndani ya mwili na kupandisha namba hiyohiyo. Malaria haikuwepo, na LDH ilikuwa ya kawaida. Maabara inayojiheshimu huandika kwenye karatasi kwamba chembe za sampuli zilipasuka, na kliniki inayohudumia watu waliotoka kwenye saratani haitoi namba kama hiyo dirishani mwanzoni mwa siku za mapumziko. Nililalamika kwa maandishi. Jibu lilikuja la adabu, na sasa majibu ya wagonjwa wetu hutolewa na daktari au muuguzi mshauri tu, katika siku ambazo mmojawao yupo. Ni mabadiliko ya kweli, nami nayahesabu upande wao.

Eko ya moyo ina thamani ya fedha yake. Doksorubisini hudhoofisha misuli ya moyo kadiri jumla yake inavyopanda, na madaktari huogopa kuvuka miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili katika maisha yote. Mizunguko sita ya R-CHOP kamili humfikisha mtu kwenye 300. Daktari wa pale aliifanya hesabu hiyo mbele yangu na kuiandika kwenye kijitabu kigumu cha rangi ya buluu ambacho kila mgonjwa hupewa, pamoja na tarehe ya chupa ya mwisho na majina ya dawa zote. Kijitabu hicho ndicho kitu bora kinachotoka katika jengo lile. Siku yoyote nitakayoanguka Likasi au Kolwezi, daktari asiyenijua ataona kwa dakika moja kiasi gani cha dawa hiyo kimebaki kabla ya hatari, na kwa nini pumzi fupi ninapopanda ngazi isichukuliwe kuwa ni uzee. Anayepata shinikizo la juu la damu baada ya matibabu hutibiwa hapohapo, bila kutumwa kwingine, nalo ni jambo la busara kwa moyo ambao tayari umeonja dawa kali.

Kuhusu chanjo, kliniki imejitahidi. Wanashauri chanjo za mafua na za nimonia, ambazo hazina kirusi wala bakteria hai, na wanazisogeza hadi miezi ipite baada ya rituksimabu kwa kuwa mwili usio na seli B hautengenezi kinga ya maana. Chanjo ya homa ya manjano ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu aliyetoka kwenye kemo na rituksimabu hivi karibuni hapaswi kuchomwa. Msafiri wa Kasumbalesa anajua jinsi kadi ya manjano inavyotafutwa pale, na jinsi sindano inavyoweza kupendekezwa papo hapo kwa asiye nayo. Kwa aliyechanjwa kabla ya kuugua hakuna la kufanya ila kuitunza kadi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote. Kwa asiyechanjwa, kliniki hutoa barua ya msamaha wa kitabibu yenye muhuri. Iombeni hata kama hamna safari, maana muhuri una mtu mmoja tu anayeushika, na mtu huyo huenda likizo.

Ukumbi wa kusubiri ni mbaya. Tunakaa benchi moja na watu wanaokohoa ambao hawajapimwa kifua kikuu, madirisha mawili kati ya matatu hayafunguki, na wagonjwa ambao chembe zao nyeupe bado hazijapanda vizuri hawana pa kujitenga. Mimi hukaa nje chini ya mwembe na kumwomba mlinzi aniite. Duka la dawa lililo mlangoni nalo lingefaa kuangaliwa, kwa sababu linauza chupa za majani ya mstafeli zenye maandishi ya kuzuia saratani isirudi, mita chache kutoka chumba cha daktari anayesema wazi kwamba hakuna ushahidi wa jambo hilo kwa binadamu na kwamba matumizi ya muda mrefu ya mmea huo yamehusishwa na madhara ya mishipa ya fahamu. Mtu mwenye ganzi ya vinkristini hahitaji kuongezewa. Duka ni la mpangaji, nikaambiwa. Sawa, lakini mwenye nyumba anaweza kumwambia mpangaji maneno mawili.

Namba ya simu ya usiku ipo na inapokelewa, ingawa aghalabu na mlinzi, ambaye naye amefundishwa kuuliza mambo mawili: homa ni nyuzi ngapi, na chupa ya mwisho ya dawa ilikuwa lini. Baada ya hapo anamwamsha daktari wa zamu. Nilipata homa ya zaidi ya nyuzi 38 usiku, na kabla ya kupambazuka nilikuwa nimepimwa malaria na hemogramu, nikaanzishiwa dawa. Hakuna aliyeniambia “ni malaria tu, Mama” kabla ya kipimo kusema.

Anayetaka kujiunga aende na barua ya kutoka hospitali, matokeo ya kipande cha tezi na orodha ya dawa alizopewa, aulizie kifurushi kisicho na skana, na aombe kipimo cha homa ya ini ya B kiandikwe kwenye risiti ikiwa hana majibu yake. Damu huchukuliwa asubuhi mapema tu, na Jumamosi daktari hayupo. Malipo hupokelewa kwa dola, kwa faranga na kwa simu. Dola iliyochanika hata milimita moja pembeni hurudishwa, kama kwingineko kote mjini, kwa hiyo kagueni noti zenu mkiwa bado nyumbani.